Mwalimu wa Baleti wa Kibera

Wenyeji wa Mji wa Kale, Mombasa, hawana haja ya kuelezwa kwamba kucheza ni elimu. Wanawake wa vyama vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, walisimama safu moja, na macho ya mtaa mzima yalikuwa juu ya mikono yao. Aliyekosea alionekana mara moja.

Iko ngoma nyingine iitwayo baleti, iliyokulia katika majumba ya wafalme wa Ulaya. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alianzisha chuo cha kucheza mwaka 1661, na hata leo hatua za baleti hutajwa kwa Kifaransa.

Ngoma hiyo ya wafalme ndiyo Bwana Michael Wamaya aliyowafundisha watoto wa Kibera na Mathare, mjini Nairobi. Yeye mwenyewe aliacha shule baada ya kufiwa na baba yake. Akaishika ngoma kuwa kazi, nayo ikamfikisha Ulaya. Aliporudi akawa mwalimu, chini ya chama cha hisani cha Uingereza kiitwacho Anno's Africa.

Shule ya Spurgeon's katika Kibera haikuwa na ukumbi, wala vioo, wala ule ufito wa ukutani ambao wachezaji hushika wanapojinyosha. Madawati yalitolewa nje, na watoto wakacheza miguu mitupu. Huenda msomaji akauliza: mtoto wa maskini atafaidi nini kwa kusimama juu ya vidole? Swali hilo ni la haki. Lakini baleti haina njia ya mkato. Hatua moja hurudiwa na kurudiwa, mwalimu akirekebisha goti, kisha shingo, hata mtoto alijue kosa lake kabla ya kuambiwa. Mazoea hayo huenda naye mpaka kwenye hesabu na kusoma.

Mwaka 2017 Bwana Wamaya alikuwa miongoni mwa walimu 10 wa mwisho walioshindania Tuzo ya Mwalimu wa Dunia, yenye dola milioni 1. Majina yapatayo 20,000 yalikuwa yamepelekwa kutoka nchi 179. Huko Dubai tuzo ilimwendea Maggie MacDonnell wa Kanada. Hata hivyo, mwalimu wa ngoma alikuwa ameketi safu moja na walimu wa sayansi. Bwana Wamaya ndiye pia mwanzilishi wa Project Elimu, inayofundisha watoto kucheza huko huko Kibera.