Gobore, rifle na kiwambo cha sauti: Mwindaji wa Usoke anunue kipi?

Na Mwandishi Wetu, Usoke

MKAZI wa Usoke anayetaka kuwinda kwa kibali, huku mfuko wake ukiwa haujanona, hukutana na swali lile lile wanaloulizana wawindaji wa Ulaya na Marekani kila msimu unapokaribia: ni bunduki ipi iliyo nyepesi ya kubeba kutwa nzima, isiyogharimu fedha nyingi, na je, inafaa kufungwa kiwambo cha kuzuia sauti?

Swali ni moja, lakini jibu la huku haliwezi kuwa lile la huko. Usoke ni mji mdogo wa wilaya ya Urambo, mkoani Tabora, kando ya reli iendayo Kigoma. Umezungukwa na misitu ya miombo, mashamba ya tumbaku na mizinga ya nyuki. Kusini mwa wilaya hiyo liko eneo la Ugalla, lililokuwa pori la akiba kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kupandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Urambo pia ina eneo la jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori la Uyumbu, linalosimamiwa na wanavijiji wenyewe.

Katika mazingira hayo bunduki si chombo cha starehe. Inaweza kumpatia mtu kitoweo halali na kulinda shamba lake dhidi ya nguruwe pori. Inaweza pia kumfikisha mahakamani, au kumtoa jicho.

Kwa wengi wa vijijini, neno "bunduki ya uwindaji" bado lina maana moja, nayo ni gobore. Ili kuelewa sababu yake, yafaa kurudi nyuma kidogo, katika zama za misafara.

Wanyamwezi walikuwa wawindaji wa tembo kabla bunduki hazijazagaa katika nchi yao. Walikuwa na chama chao cha wawindaji, Bayege, kilichokuwa na miiko na dawa zake. Katika karne ya 19 pembe zilibebwa mabegani hadi Bagamoyo, na wapagazi wakarudi na nguo, shanga, bunduki na baruti. Mtemi Mirambo alijenga nguvu yake kwa rugaruga wenye silaha hizo, na mwaka 1871 aliingia vitani na Waarabu wa Tabora, vita ambavyo hata Henry Morton Stanley alijikuta akishiriki. Mtemi Isike wa Unyanyembe naye, alipozidiwa na Wajerumani Januari 1893, alilipua ghala lake la baruti akiwa ndani ya ngome yake.

Silaha iliyokuja kwa wingi ilikuwa ya kushindiliwa baruti mdomoni. Mwaka 1890, mataifa ya Ulaya yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa, na ndani yake yakazuia kuingizwa kwa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Mlango mmoja uliachwa wazi: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno mengine, Mwafrika alizuiwa bunduki nzuri na kuachiwa mbovu. Gobore la leo, ambalo aghalabu hufuliwa na mafundi wa vijijini, ni mjukuu wa uamuzi huo.

Gobore ni rahisi kulipata kwa bei, na hapo ndipo mtego wake ulipo. Mtutu wake ni laini ndani, kwa hiyo goroli hutoka bila kuzunguka na kuyumba njiani. Zaidi ya hatua kama hamsini, kulenga kunakuwa bahati nasibu. Kulijaza upya huchukua muda mrefu, na unyevu kidogo tu huifanya baruti isishike moto. La hatari zaidi ni kwamba mtutu uliofuliwa kwa bomba lisilokusudiwa kazi hiyo haujapimwa na mtu yeyote. Siku ukipasuka, hupasuka karibu na uso na mkono wa kushoto wa aliyeushika.

Kuna na mnyama mwenyewe. Kongoni aliyepigwa goroli tumboni hakai chini. Huondoka na kwenda kufia mbali, na mwindaji hurudi mikono mitupu. Akiwa ni nyati, anayelipa huenda akawa mama anayetafuta kuni kesho yake. Mwandishi wa habari hizi haoni namna ya kuuita huo kuwa unafuu.

Bunduki aina ya rifle ina mifuo ndani ya mtutu inayoizungusha risasi, nayo ikasafiri imenyooka. Kwa sababu hiyo mwindaji wa kawaida aliyejifunza anaweza kupiga mnyama sehemu sahihi kwa umbali wa mita 100 na zaidi. Kwa mwenye fedha ndogo, rifle ya bolti, ile inayovutwa kwa mkono kila baada ya risasi, ndiyo inayofaa. Ina vipande vichache, haisumbui kusafisha, na muundo wake haujabadilika sana tangu Mauser ya mwaka 1898. Bunduki za namna hiyo zilizotengenezwa Brno, katika iliyokuwa Czechoslovakia, zimetumika Afrika Mashariki kwa miongo mingi, na nyingi bado zinafanya kazi.

Sasa kuhusu uzito. Rifle ya zamani yenye kitako cha mti na darubini juu yake huweza kufikia kilo 4 au kupita. Nyepesi za kisasa, zenye kitako cha plastiki ngumu au nyuzi za kaboni, hushuka hadi kilo 3 na hata chini ya hapo. Kwa mtu anayetembea kilomita 15 katika miombo, kilo moja si jambo dogo.

Lakini wepesi nao una gharama yake. Kila risasi inapotoka mbele, bunduki husukumwa nyuma kwenye bega. Kwa risasi ile ile, bunduki ya kilo 3 humrudishia mpigaji nguvu iliyozidi kwa takriban theluthi moja ile ya bunduki ya kilo 4. Mpigaji akishaumizwa bega mara mbili au tatu, huanza kufumba macho na kujikunja kabla ya kufyatua, na hapo hata bunduki ya thamani haimsaidii. Wauzaji husifu wepesi, na hili hawalitaji sana.

Dawa yake ni kuchagua kaliba ya wastani, yaani kipenyo cha mtutu kisichozidi mahitaji. Kanuni za uwindaji nchini zimeweka kaliba .375 kuwa ya chini kabisa kwa wanyama hatari kama nyati na simba, na .240 kwa wanyama wengine wakubwa. Hivyo .22 ndogo inayopendwa kwa bei ya risasi zake haifai kwa swala, na .375 nayo ni mzigo wa bure kwa asiyekusudia nyati. Katikati yake kuna .243, .308, .30-06 na 7x57 ya Mauser, zote zikiwa na uwezo wa kumwangusha mnyama wa ukubwa wa kongoni.

Historia ya jirani zetu inathibitisha kuwa shabaha hushinda ukubwa. Mwindaji Mskoti W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamoja kutokana na eneo hilo la Uganda, aliua zaidi ya tembo 1,000 mwanzoni mwa karne ya 20, wengi wao kwa risasi hiyo ndogo ya 7x57. Yalikuwa mauaji ambayo leo yangemfikisha gerezani, na kaliba hiyo sasa ni haramu kwa tembo. Hata hivyo, somo la shabaha linabaki.

Swali la kaliba lina upande wa fedha pia. Kabla ya kulipia bunduki, mnunuzi aulize risasi zake zinapatikana wapi na kwa bei gani. Kaliba adimu iliyouzwa kwa bei ya kutupa hugeuka fimbo ya kutembelea.

Anayenunua iliyotumika atazame ndani ya mtutu kwenye mwanga kama kuna kutu au mashimo. Aangalie kama kitako kina ufa karibu na kifyatulio, na ajaribu kifungo cha usalama mara kadhaa bunduki ikiwa tupu. Zaidi ya yote, namba iliyogongwa kwenye chuma ifanane na iliyo kwenye nyaraka, herufi kwa herufi. Namba iliyosuguliwa ni sababu ya kuondoka hapo bila kuaga.

Ama kiwambo cha sauti, wengi wanakijua kutoka kwenye sinema, ambako bunduki hutoa sauti kama ya kikohozi cha paka. Hali halisi ni tofauti kabisa. Kifaa hicho kilibuniwa na Hiram Percy Maxim wa Marekani katika muongo wa kwanza wa karne ya 20. Baba yake ndiye aliyetengeneza bunduki ya rashasha ya Maxim, ambayo wakoloni waliitumia sana barani humu. Kiwambo hufungwa mdomoni mwa mtutu, na vyumba vilivyo ndani yake huipunguzia kasi hewa ya moto inayoifuata risasi.

Mlio wa rifle ya uwindaji hufikia desibeli 160 hivi, ilhali sikio huanza kudhurika papo kwa papo kwenye desibeli 140. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 20 hadi 30. Kinachobaki bado ni mlio mkubwa. Aidha, risasi ya .308 huenda kwa mita 800 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti, na mpasuko wake angani hauzuiwi na kiwambo chochote.

Katika nchi kama Norway na New Zealand, kifaa hicho huchukuliwa kuwa kinga ya masikio ya mwindaji na mbwa wake, na hata hupunguza msukumo wa begani. Marekani nako, sheria ya mwaka 1934 ilikiwekea kodi ya dola 200, fedha nyingi mno kwa wakati huo.

Kwa Usoke hesabu inageuka. Kwanza, kiwambo huongeza gramu 300 hadi 500 kwenye ncha ya mtutu, na urefu unaonasa kwenye matawi. Aliyelipia wepesi hujikuta ameuuza. Pili, kinahitaji mtutu uliochongwa hesi, jambo ambalo bunduki nyingi za zamani hazina. Tatu, vizibo vya masikio hupunguza kiasi kile kile cha desibeli kwa sehemu ndogo sana ya bei.

La nne ni zito kuliko hayo. Katika mapori yetu mlio wa bunduki ni taarifa. Askari wanyamapori husikia na kugeuza njia. Mrina asali husikia na kujua kuna mtu anayepiga upande ule. Huko Afrika Kusini, majangili wa faru katika hifadhi ya Kruger wamekamatwa na rifle kubwa zilizofungwa viwambo, kwa sababu hiyo hiyo ya kutotaka kusikika. Mtu atakayekutwa na kifaa hicho kando ya Ugalla atakuwa na kazi kubwa ya kueleza kwamba alikuwa anayahurumia masikio yake.

Kuhusu sheria, kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kuwa leseni ya bunduki ni ruhusa ya kuwinda. Hizo ni karatasi mbili tofauti. Umiliki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inayomtaka mwombaji awe na umri usiopungua miaka 25 na cheti cha kuthibitisha kuwa anaimudu silaha. Maombi huanzia serikali ya kijiji au mtaa na kupanda kupitia kamati za usalama hadi kwa msajili wa silaha katika Jeshi la Polisi.

Uwindaji wenyewe uko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Kibali chake hutaja mnyama, idadi na eneo, na eneo hilo haliwezi kuwa hifadhi ya taifa. Wazee waliozoea kuingia Ugalla kwa kibali enzi za pori la akiba wanapaswa kulifahamu hilo. Kukutwa na nyara za Serikali bila nyaraka kunaweza kuleta kifungo kinachofikia miaka 30. Na anayetaka nyama tu, kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni.

Kwa wenye magobore yasiyosajiliwa, Serikali ilitoa muda wa kuyasalimisha bila kushitakiwa mwaka 2022, na tena mwaka 2023. Nje ya vipindi hivyo vya msamaha, kukutwa na silaha hiyo ni kosa la jinai, hata kama imerithiwa kutoka kwa babu na imetundikwa ukutani bila baruti.

Mwenye bajeti ndogo, basi, aigawe hivi: sehemu kubwa iende kwenye rifle ya bolti ya kaliba ya wastani yenye nyaraka safi, inayofuata kwenye risasi za kufanyia mazoezi ya shabaha, kisha sanduku la chuma lenye kufuli la kuihifadhia. Vizibo vya masikio avinunue kwa chenji itakayobaki.