Minofu iligandishwaje? Swali la kuuliza kabla ya kulipa

KAMPALA. Katoni ya minofu ya sangara huondoka Kampala ikiwa ngumu kama jiwe. Mnunuzi wa ng'ambo ya Busia au Mutukula anaiyeyusha, na chini ya beseni anakuta maji mekundu. Maji hayo yalipimwa kwenye mizani na kulipiwa kwa bei ya samaki. Dereva ndiye hulaumiwa kwanza, lakini huenda hasara ilianza siku samaki alipogandishwa.

Nyama ya samaki kwa sehemu kubwa ni maji. Ikiganda polepole, kama kwenye friza iliyoshindiliwa mzigo kupita uwezo wake, maji hayo hujenga vipande vikubwa vya barafu vinavyopasua nyama kwa ndani. Kipindi kibaya zaidi ni kati ya nyuzi 0 na nyuzi 5 chini ya sifuri. Samaki akipita hapo haraka, barafu hubaki chembe ndogo, na akiyeyuka hapotezi maji mengi.

Miongoni mwa njia za haraka kabisa viwandani ni nitrojeni ya kimiminika. Gesi hii ni asilimia 78 ya hewa. Ikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri hugeuka kimiminika. Minofu hupita juu ya mkanda ikinyunyiziwa, na vipande vyembamba huganda kwa dakika chache tu.

Bidhaa yenyewe si ngeni Uganda. Entebbe, mwendo wa kilomita 40 hivi kutoka Kampala, kituo cha taifa cha uzalishaji mifugo huitumia kuhifadhi mbegu za madume ya ng'ombe. Hata mafundi vyuma wangeweza kunufaika nayo: bushi ikitumbukizwa humo husinyaa, ikaingia mahali pake bila nyundo, kisha ikapata joto na kubana.

Kinachozuia ni gharama. Kugandisha kilo moja ya chakula mara nyingi humeza kilo nzima ya nitrojeni au zaidi, nayo ikishatumika hupotea hewani. Ndiyo maana viwanda vingi vya samaki duniani hutumia mashine za kupuliza hewa baridi ya nyuzi 30 hadi 40 chini ya sifuri. Zisipojazwa kupita kiasi, hizo zinatosha. Nitrojeni hulipa kwa bidhaa ndogo za bei kubwa, kama kamba. Pande nene la sangara linaweza hata kupasuka.

Tena ina hatari. Lita moja hutoa takriban lita 700 za gesi isiyo na harufu wala rangi, inayofukuza oksijeni chumbani. Januari 28, 2021, wafanyakazi sita walikufa nitrojeni ilipovuja katika kiwanda cha kuku huko Gainesville, jimbo la Georgia, Marekani.

Kwa mfanyabiashara, kipimo hakihitaji maabara. Kabla ya kulipia shehena, pima kipande kimoja, kiyeyushe ndani ya friji, mwaga maji, upime tena. Tofauti hiyo izidishe kwa katoni zote ndipo uzungumze bei. Uliza pia mzigo uligandishwa kwa saa ngapi, na kama gari litashika nyuzi 18 chini ya sifuri njia nzima. Vipande vilivyoshikamana, vyenye bonge la barafu kwenye kona ya mfuko, huenda viliyeyuka kwenye foleni ya Malaba na kugandishwa upya, polepole.