Makato ya simu yasiyoeleweka: wapi pa kudai, na kwa ushahidi gani

Kwa mfanyabiashara wa mahindi wa Ruhuwiko, katika Manispaa ya Songea, simu ni sehemu ya mtaji sawa na mizani na magunia. Bei ya Dar es Salaam huulizwa kwa simu, lori la kupitia Njombe hadi Makambako hutafutwa kwa simu, na mkulima wa kijijini hulipwa kwa simu. Hivyo basi, shilingi inayokatwa kwenye laini bila maelezo ni gharama ya biashara, na hupunguza faida kama gunia lililotoboka.

Tatizo ni kwamba gharama hiyo haiingizwi daftarini. Mfanyabiashara huona salio limepungua, hulalamika kwa jirani, kisha hununua vocha nyingine. Kwa mfano, laini inayokatwa shilingi 200 kwa siku humgharimu mwenye nayo shilingi 6,000 kwa mwezi wa siku 30, na shilingi 73,000 kwa mwaka. Mwenye laini tatu za biashara, zote zikikatwa hivyo, hupoteza shilingi 219,000 kwa mwaka. Mfanyabiashara huyo huyo akipunjwa mizani kwa kiasi hicho, hawezi kunyamaza.

Makato hutoka wapi

Kabla ya kudai, ni muhimu kujua aina ya makato, kwa kuwa kila aina ina mlango wake.

Aina ya kwanza ni matumizi nje ya kifurushi. Kifurushi kinapokwisha, laini huweza kuendelea kula salio la kawaida kwa bei ya juu zaidi. Ya pili ni huduma za kujiunga, kama vile habari, matokeo ya mpira au mlio wa kumburudisha anayepiga, ambazo hukatwa kila siku au kila wiki. Mteja anaweza kuwa amejiunga kwa kubonyeza namba moja tu bila kusoma masharti.

Ya tatu ni salio la mkopo, ambalo hurudishwa pamoja na ada yake mara vocha mpya inapoingizwa. Ya nne ni huduma iliyouzwa kwa maelezo ya kupotosha. Hapa wapo wanaofunguliwa namba ya kupokelea malipo ya wateja kwa ahadi kwamba haina makato, kisha wakakuta ada wakati wa kutoa fedha. Wapo pia wanaoweka alama ya kidole kwa muuza laini mara mbili au tatu kwa kisingizio kwamba mashine imekataa, kumbe kila alama imesajili laini nyingine. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, mteja anaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#.

Hata hivyo, si kila makato ni ya kampuni. Tozo ya miamala ya fedha kwa simu iliyoanza Julai 15, 2021 iliwekwa na Serikali. Baada ya wananchi kulalamika ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, na ikapunguzwa tena mwaka 2022. Aliyeilalamikia kampuni kwa tozo ile alikuwa amebisha mlango usiohusika.

Sheria inasemaje

Msimamizi wa sekta ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, pamoja na kanuni za kumlinda mtumiaji za mwaka 2018, zinamtaka mtoa huduma aeleze wazi bei na masharti, na awe na utaratibu wa kupokea na kushughulikia malalamiko. Aidha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi wa bidhaa au huduma yoyote.

Maana yake kibiashara ni kwamba neno la muuza laini barabarani si porojo tu. Anapouza kwa niaba ya kampuni, alichoahidi kinaweza kuulizwa kwa kampuni. Lakini ahadi ya mdomo bila tarehe, mahali wala shahidi ni vigumu kuithibitisha.

Hatua za kudai

Hatua ya kwanza ni kusimamisha hasara. Mteja ajiondoe kwenye huduma asiyoihitaji na ahifadhi ujumbe unaothibitisha kwamba amejiondoa. Asifute ujumbe wa makato hata kama unajaza simu, kwani huo ndio risiti yake.

Hatua ya pili ni kuandaa hesabu katika ukurasa mmoja: namba ya laini, tarehe na saa ya kila makato, kiasi kilichokatwa, jina la huduma kama lilivyoandikwa kwenye ujumbe, na jumla inayodaiwa. Anayeandika "mmenikata 4,600 kati ya tarehe 3 na 25, kwa huduma ambayo sikuiomba" anaipa kampuni jambo la kuchunguza. Anayesema "mnatuibia" hajadai kitu.

Hatua ya tatu ni kuwasilisha lalamiko kwa mtoa huduma mwenyewe. Namba 100 ni ya huduma kwa wateja kwa mitandao ya simu nchini, na maduka ya kampuni hupokea malalamiko pia. Jambo la kudai hapo ni moja: namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Bila namba hiyo, mteja akipiga tena wiki inayofuata huanza upya na mhudumu mwingine. Kwa madai makubwa, barua yenye nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa ni bora kuliko simu.

Kuanzia siku hiyo mtoa huduma huwa na siku 30 za kulishughulikia lalamiko. Muda huo ukipita bila ufumbuzi, au jibu lisiporidhisha, mteja hulipeleka TCRA akiambatanisha hesabu yake, namba ya kumbukumbu na majibu aliyopewa. Mamlaka huchunguza na kujaribu kusuluhisha kabla ya kutoa uamuzi. Asiyeridhika na uamuzi, awe mteja au kampuni, anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA-CCC), ambalo haliamui kesi, bali hupokea kero za watumiaji na kuwatetea.

Kosa la wengi ni kuruka ngazi. Anayekwenda TCRA bila kuanza kwa mtoa huduma hurudishwa alikotakiwa kuanzia.

Fedha na mikopo

Lalamiko likihusu fedha zilizomo kwenye akaunti ya simu, msimamizi ni Benki Kuu ya Tanzania, chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Hapa pia mtoa huduma huanza kwanza. Fedha zilizotumwa kimakosa zitolewe taarifa mara moja, kabla aliyezipokea hajazitoa. Ujumbe wa matapeli hutumwa kwenda namba 15040.

Mikopo ya programu za simu ni jambo jingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Aliyekopa kwa mkopeshaji wa aina hiyo asitegemee duka la kampuni ya simu limtatulie riba, kwani kampuni haikumkopesha.

Je, kulalamika kunalipa?

Kumbukumbu zinaonyesha kwamba kunalipa. Aprili 2, 2021 bei mpya za vifurushi zilianza kutumika nchini, wananchi wakapiga kelele, na Serikali ikazisimamisha. Katika mabadiliko ya mwaka huo TCRA iliwataka watoa huduma wamtaarifu mteja matumizi ya kifurushi yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100, na wamwezeshe kuchagua kama ataendelea kwa bei ya nje ya kifurushi. Anayekatwa salio lake bila kupata taarifa hizo ana hoja ya kuanzia.

Kenya, wakili Adrian Kamotho alifungua shauri mwaka 2019 kupinga kuisha muda kwa data ambazo mteja amekwisha kuzilipia. Oktoba mwaka huo Safaricom ilianzisha vifurushi visivyo na ukomo wa muda.

Kwa wawekezaji wadogo

Jambo hili linawahusu pia wenye hisa. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja na kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti mwaka huo, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze sehemu ya hisa zake kwa umma. Kwa mwekezaji wa kampuni yoyote ya simu, mapato yanayotokana na wateja wanaojua wanachonunua ndiyo ya kudumu. Yanayotokana na makato yenye ubishi yanaweza kuondoka kwa agizo moja la msimamizi. Msomaji wa hesabu za mwaka atazame kama mapato yamekua kwa sababu wateja wameongezeka, au kwa sababu kila mteja anakatwa zaidi.

Kwa mfanyabiashara wa Ruhuwiko, kazi ya wiki hii ni ndogo: apige *106# ahakiki laini zake, asome ujumbe wa makato wa siku saba zilizopita, na afungue safu ya "simu" katika daftari la gharama kabla msimu wa kununua mahindi haujashika kasi.