Anwani ya Mtandao, Faili la Ndani: Udhibiti wa Itifaki katika Maktaba ya libcurl

Hazina nyingi za data humruhusu mtafiti kuwasilisha anwani badala ya faili lenyewe. Seva ya hazina huiendea anwani hiyo, ikachukua data na kuihifadhi. Kazi ya kuchukua huachiwa maktaba ya programu, na mojawapo ya zinazotumiwa sana ni libcurl, iliyotokana na mradi wa Daniel Stenberg wa Uswidi. Makala haya yanadai kwamba udhibiti wa kuingia hautoshi. Ni lazima pia kuamua ni anwani za aina gani maktaba inaruhusiwa kuzifungua.

Libcurl huelewa itifaki zaidi ya 20. Mojawapo, file, haisafiri popote: husoma diski ya mashine ile ile inayoendesha programu. Mtu akiwasilisha file:///etc/passwd, seva isiyozuiwa itaisoma orodha ya watumiaji wake yenyewe na kuihifadhi kama data ya utafiti. (Jina la faili hilo hupotosha, kwa kawaida katika Linux ya leo nywila hazikai humo. La kuhofiwa zaidi ni mafaili ya mipangilio yenye funguo za hifadhi.)

Hadi toleo la 7.19.3 palikuwa na mlango wa pili. Programu ingeweza kukagua anwani, ikaona https na kuridhika. Kisha seva ya mbali ikajibu kwa kuielekeza kwenye file. Maktaba iliyoagizwa kufuata maelekezo ilitii. Kasoro hiyo, CVE-2009-0037, ilirekebishwa Machi 2009 katika toleo la 7.19.4, lililoleta vidhibiti viwili: CURLOPT_PROTOCOLS kwa anwani ya kwanza, na CURLOPT_REDIR_PROTOCOLS kwa anwani za kuelekezwa. Tangu toleo la 7.65.2 la mwaka 2019, maelekezo huruhusiwa kwenda HTTP, HTTPS, FTP na FTPS tu, isipokuwa programu iamue vingine.

Wengi hudhani kwamba kwa hatua hiyo suala limekwisha. Halijakwisha. Kwa chaguomsingi, anwani ya kwanza bado inaweza kutumia itifaki yoyote iliyojengwa ndani ya maktaba, file ikiwemo. Anayepokea anwani kutoka kwa watu asiowajua hana budi kuzitaja mwenyewe itifaki anazozikubali. Kuzuia neno “file://” pekee ni kinga dhaifu, kwani “FILE://” ni itifaki ile ile. Taasisi isiyohitaji kabisa huduma hiyo inaweza kuijenga libcurl bila file. Mshauri anayeandaa masharti ya zabuni anaweza kulidai hilo kwa sentensi moja.

Hata hivyo, kufunga file hakuzuii anwani ya http inayoelekea mashine nyingine ndani ya mtandao wa taasisi. Hilo huhitaji ukagua anwani za IP, pamoja na kuendesha programu kwa akaunti isiyo na haki ya kusoma mafaili yasiyoihusu.