Kabla ya kahawa, andika: Stori ya Elmore Leonard

Una miaka 25, kazi ya maana huna, na kila ukifungua simu unaona mwenzako wa shule kanunua gari. Unaanza kuhisi umechelewa. Mimi niliacha chuo njiani, kwa hivyo lile swali la mashangazi, "Sasa wewe utakuwa nani?", nalijua vizuri. Tulia nikupe stori ya mzee mmoja wa Detroit.

Anaitwa Elmore Leonard. Jina huenda hulijui, lakini kama umetazama Jackie Brown, Get Shorty au Justified, umeshakutana naye. Zote zilitoka kwenye hadithi zake.

Alizaliwa New Orleans mwaka wa 1925, akakulia Detroit, mji wa viwanda vya magari. Miaka ya 1950 alikuwa ameajiriwa na kampuni ya matangazo, kazi yake kuisifu Chevrolet. Nyumbani ana mke na watoto. Sasa riwaya ataandika saa ngapi? Saa kumi na moja alfajiri hadi saa moja. Tena alijiwekea sheria: maji ya kahawa hayawekwi jikoni kabla hajaandika kitu. Akifika ofisini, anafungua droo, anaingiza mkono na kuandikia humo humo. Bosi akitokea, droo inafungwa.

Kwa mtindo huo alitoa riwaya tano za makaboi. Ganji? Usiulize. Hadithi yake fupi ya Three-Ten to Yuma, iliyokuja kuwa filamu mwaka wa 1957, jarida lilimlipa dola 90.

Mwaka wa 1961 akaacha kazi. Hapa wale wahamasishaji wa mitandaoni wangekwambia, "Na akatajirika!" Wapi! Televisheni ilikuwa imejaa makaboi, soko la vitabu vyao likafa. Akarudia vibarua vya matangazo na kuandika filamu za elimu ili watoto wale. Akageukia riwaya za uhalifu. Ya kwanza, The Big Bounce, kwa hesabu yake ilikataliwa mara 84 kabla ya kuchapishwa mwaka wa 1969. Pombe nayo ikamshika, hadi alipoiacha kabisa mwaka wa 1977.

Lakini jamaa alikuwa na sikio. Aliandika filamu za Joe Kidd (1972) na Mr. Majestyk (1974). Mwaka wa 1978 gazeti moja la Detroit lilimtuma akae na makachero wa mauaji, naye akasikiliza tu wanavyoongea. Ndiyo maana wezi wake hawahubiri. Wanapiga stori kama watu wa mtaani kwako.

Kisha 1985 ikaja Glitz, riwaya iliyouzika ajabu. Watu wakamwona kama mtu aliyeibuka jana, na alikuwa anagonga miaka 60. Alikufa mwaka wa 2013 akiwa na miaka 87, ameacha riwaya zaidi ya 40.

Sikwambii ukiamka mapema utatajirika. Ingekuwa hivyo, watu wa bodaboda wangekuwa mabilionea. Ninachosema ni kwamba Leonard hakungoja kazi nzuri, pesa wala utulivu ndipo aanze. Alikuwa na saa mbili na droo.

Wewe droo yako iko wapi?