Farasi Wangapi Wanatosha?

Juzi mpwa wangu alinijia huku anahema kwa furaha. "Mjomba, nimepata gari la spoti! Viti viwili, nguvu farasi 400!" Nikamuuliza, "Lina uzito gani?" Kimya. "Na breki zake?" Kimya tena. Namjibu hapa hewani, maana najua hayuko peke yake.

Jambo la kwanza ni uzito. Nguvu za injini hazikuambii kitu mpaka ujue zinavuta mzigo gani. Mazda MX-5 ilipotoka mwaka 1989 ilikuwa na nguvu farasi kama 115, na uzito wake haukufika tani moja. Lotus Elise ya Uingereza, ya mwaka 1996, ilikuwa na farasi 118 tu, lakini ilikuwa nyepesi zaidi, kama kilo 725. Piga hesabu: Elise ina farasi zaidi ya 160 kwa kila tani. Gari la tani mbili linahitaji farasi 320 na ushei kulingana nayo, na bado litakuwa zito kwenye kona na litakula mafuta, matairi na breki.

Jambo la pili ni matairi. Nguvu zote hizo hupita mahali padogo ambapo tairi hugusa barabara. Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975 ilikuwa na farasi 260, injini ikiwa nyuma. Turbo ilichelewa kidogo, kisha nguvu zikaja kwa kishindo. Dereva aliyeshtuka katikati ya kona na kuondoa mguu kwenye mafuta aliona nyuma ya gari ikitaka kutangulia. Ndiyo maana likabandikwa jina la kuwafanya watu wajane.

Jambo la tatu ni kusimama. Ukitoka kilomita 50 kwa saa ukafika 100, mwendo umeongezeka mara mbili, lakini umbali wa kusimama tangu breki zishike huwa mara nne.

Haya sikuyasoma tu. Jioni moja ya mvua niliazima gari la rafiki, lenye nguvu kuliko ujuzi wangu. Sikufika hata kilomita 40. Nilikanyaga mafuta nikitoka kwenye mzunguko, gari likazunguka lenyewe, likasimama hatua tatu kutoka kwa mama aliyekuwa akichoma mahindi. Hakunitukana. Alinitazama tu, na macho yale ninayo mpaka leo.

Basi mpwa wangu, kwa gari la kwanza tafuta farasi 120 hadi 160 kwa tani. Fedha itakayobaki nunua matairi mazuri, tengeneza breki, na ulipe mwalimu. Mwaka 2016 Mazda ilitengeneza MX-5 ya milioni moja. Wanunuzi wote hao hawakufuata farasi wengi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingoni pale kuna mtu anauza mahindi.

Tukutane wiki ijayo.