Kabla Hujampa Seremala Bumu Lako

Wanachuo wenzangu, tuseme ukweli. Wengi wetu tunaorudi nyumbani kila jioni hatuna pa kusomea. Mimi naishi Tabata Kimanga, na hadi mwaka jana nilikuwa naandikia kitandani. Ripoti ya utafiti ilipoanza, mgongo ukagoma. Mama akaona hali, akahamisha viroba vyake vya unga na madumu ya mafuta kutoka stoo, akavipanga barazani na kuvifunika turubai. Mama anauza chapati na maandazi, kwa hiyo huo unga ndio ada ya wadogo zangu. Akaniambia, "Haya, ofisi yako hiyo."

Bumu lilipotoka Desemba nikanunua meza barabarani, tayari imepakwa rangi nyekundu ya kupendeza. Shilingi 85,000. Muuzaji alisema ni mninga. Kufika Februari uso ulikuwa umepasuka katikati na miguu inacheza kama jino bovu. Siku moja laptop iliteleza, nikaidaka kwa goti. Mama hakusema kitu. Alitazama barazani tu, na masika ilikuwa mwezi mmoja mbele.

Ndipo nikapanda daladala hadi Buguruni, nikaunganisha hadi Keko, kule Temeke, ambako mafundi fanicha wamejipanga bega kwa bega. Sikwenda kununua, nilikwenda kuuliza. Nikampata mzee mmoja anapiga randa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Unataka nini?"

Nikamwonyesha picha za meza yangu kwenye simu. Akacheka kidogo. "Hiyo si mninga, ni paina iliyopakwa rangi. Tena ilikuwa mbichi."

Alichonieleza mchana ule ndicho ninachotaka ukijue kabla hujatoa hela.

Kwanza, ubao unapumua. Hewa ikiwa na unyevu mwingi ubao unatanuka, ikikauka unasinyaa. Lakini hausinyai sawasawa: kwa urefu karibu haubadiliki, kwa upana ndiyo unabadilika. Ubao uliopasuliwa juzi una maji mengi ndani. Ukiunda nao meza leo, utakaukia nyumbani kwako, na ukiwa umebanwa kwa misumari pande zote hauna njia ila kupasuka. Ndiyo maana seremala mzuri hukausha mbao kivulini kwa muda mrefu, zikiwa zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Kuzijua ni rahisi: shika vipande viwili vya aina moja na ukubwa mmoja, kizito zaidi mara nyingi ndicho kibichi. Vigonge pia. Kikavu kinalia, kibichi kinatoa sauti nzito iliyokufa.

Pili, jua unachouziwa. Paina hutoka kwenye mashamba ya miti kama Sao Hill kule Mufindi. Ni nyepesi, ya bei nafuu na inafaa kabisa kwa rafu, ikiwa kavu. Mtiki hupandwa Longuza mkoani Tanga, Mtibwa na Kilombero. Una mafuta ya asili na mchwa hawaupendi. Mninga ni mti wa miombo, kama ile ya Tabora na Katavi. Hukua taratibu sana, na sifa yake kubwa ni kwamba ukishakauka hausinyai ovyo. Kwa hiyo ukitajiwa mninga kwa bei ya paina, inama utazame chini ya meza, mahali ambapo rangi haikufika. Huko ndiko ubao unakosema jina lake. Tazama pia kama nyufa zimezibwa kwa unga wa mbao na gundi.

Tatu, angalia viungo. Msumari peke yake unashika kwa muda tu. Kiungo cha kudumu ni ulimi wa kipande kimoja kuingia kwenye tundu la kingine, kisha gundi. Na uso wa meza ufungwe kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu, si ya duara, ili ubao upate nafasi ya kutanuka na kurudi.

Nne, pima mwili wako na chumba chako. Meza nyingi za dukani zina kimo cha sentimita 75 hivi. Mimi ni mfupi, kwa hiyo nilikuwa naandika mabega yamepanda masikioni. Kaa kwenye kiti utakachotumia, kunja kiwiko, pima kutoka sakafuni hadi hapo. Mimi nilipata 67.

Mzee akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Hicho chumba kilikuwa cha nani kabla?" Nikamweleza habari ya viroba. Akaniambia nirudi na vipimo vya stoo nzima, siyo vya meza tu. Stoo ni mita 2.4 kwa 1.8. Akachora kwenye kipande cha ubao: meza ya sentimita 110 kwa 55 chini ya dirisha, mwanga uje kutoka kushoto kwa sababu naandika kwa mkono wa kulia, na umeme ukikatika mchana niendelee. Ukuta wa pili, rafu ya paina ya ngazi tatu, ya chini ikiwa juu ya sakafu sentimita 15, kwa ajili ya unga wa mama.

Uso wa mtiki, miguu na rafu za paina kavu: jumla 240,000, kwa bumu na hela ya kufundisha tuisheni. Sikulipa zote. Tuliandika kwenye karatasi aina ya mbao, vipimo na tarehe. Nikatoa hela ya mbao kwanza, nikaenda kuziona kabla hazijapigwa rangi, na iliyobaki nikalipa mzigo uliposhushwa kwenye kirikuu. Kiti sikutengeneza. Nilichukua cha sebuleni, nikaweka mto.

Fanicha ya kuagiza kwa fundi si lazima iwe ya kifahari. Faida yake ni kwamba inakatwa kufuata watu wa nyumba yako, wakati ya dukani inakutaka wewe ujikunje. Ila fundi hawezi kupima usichomwambia, na hawezi kukausha ubao kwa siku tatu ulizompa.

Viroba vilirudi ndani wiki moja kabla ya mvua. Saa kumi alfajiri mama huingia kuchukua unga, ananikuta naandika, ananiuliza kama nimelala.